Deni la Asiyekopa

Msomaji, kabla ya kulihukumu jambo ni wajibu kulijua jina lake na mpaka wake. Watu wawili wenye nguvu sawa wakigombana uwanjani kwa sababu ya mpira, huo ni ugomvi. Ni kosa, lakini kila mmoja ana mkono wa kujikinga na ulimi wa kujitetea. Marafiki wakitaniana, na wote wawili wakacheka, huo ni utani; na utani, kwa desturi yetu, una ruhusa ya pande zote mbili. Lakini mwenye nguvu akimwandama asiye na nguvu leo, na kesho, na kesho kutwa, akamdhili kwa maneno, au akamnyang'anya mali yake, au akampiga, naye mnyonge akawa hana njia ya kumzuia wala mahali pa kukimbilia, jambo hilo limevuka mpaka wa ugomvi na wa utani pia. Jina lake ni uonevu. Hutambulikana kwa alama tatu: hukusudiwa, hurudiwa, na hutendwa na aliye juu kwa aliye chini.

Alama hizo si ngeni kwa watu wengi waliopata kulala katika mabweni ya Kenya. Vizazi vingi vya wanafunzi wageni viliitwa "mono", na jina lenyewe lilitosha kuwavua utu. Mgeni aliamriwa kupima urefu wa bweni kwa njiti ya kiberiti. Aliamriwa kuipuliza taa ya umeme kama mshumaa mpaka izime, na ilipokataa kuzima alipigwa kofi kwa uvivu wa pumzi. Alitiwa chini ya kitanda akapewa sahani aishike kama usukani, aendeshe gari lisilokuwapo, huku wakubwa wamekaa juu yake kama abiria. Sukari yake ililiwa, sabuni yake ikaishia katika nguo za wengine, blanketi lake likamfunika mwingine usiku wa baridi. Msikilizaji wa mbali huweza kucheka. Aliye chini ya kitanda hacheki. Ukitaka kupambanua mzaha na dhuluma, uliza swali moja tu: je, anayetaniwa anaweza kusema "basi", na neno lake likasikiwa?

Sasa mwulize mkubwa wa bweni sababu ya kutenda hayo. Aghalabu hatakuambia kwamba anawachukia wadogo, maana huenda hata majina yao hayajui. Atakujibu, "Nami nilitendewa hivyo hivyo nilipokuja." Jibu hili ni fupi, lakini limebeba falsafa nzima ndani yake, na falsafa ya watu wengi haifai kudharauliwa kabla ya kupimwa. Maana yake ni hii: nilipokuwa mdogo niliumizwa, heshima yangu ilichukuliwa, leo zamu yangu imefika, nami nadai changu.

Tulitie dai hilo katika mizani. Tuseme Juma alimnyang'anya Mutiso shilingi mia. Miaka mitatu ikapita. Mutiso akapata misuli na urefu, akasimama njiani, akamkamata Kiprono, mtoto ambaye siku ile hakuwapo, akamnyang'anya shilingi mia, akasema, "Sasa nimelipwa." Nani kati yetu atakayekubali kwamba Mutiso amelipwa? Juma bado ana mia yake, tena anacheka. Kiprono amepoteza mia yake, tena analia. Mutiso mwenyewe ana mia mkononi, lakini amepoteza kitu kilichokuwa na thamani kubwa kuliko fedha, yaani haki ya kumlalamikia Juma. Kwa kuwa yeye naye amekuwa Juma wa pili. Deni la zamani halikufutika, na deni jipya limezaliwa. Kiprono atalala na hesabu yake moyoni, akingoja mtoto mwingine ambaye leo bado yuko shule ya msingi, hajui kwamba yuko mtu anayemwekea deni. Hivi ndivyo uonevu unavyorithiwa: kila mwaka mdai hudai kwa asiyekopa, na kila mwaka daftari huongezeka kurasa.

Wako wengine wasemao kwamba shida hukomaza, na kwamba mtoto aliyelelewa kwa pamba hatoweza kuubeba ulimwengu. Neno hili lina ukweli nusu, na ukweli nusu hudanganya kuliko uongo mzima. Taabu yenye sababu hukomaza. Mwanafunzi anayeamka kabla ya mapambazuko kusoma, na mkimbiaji anayepanda vilima vya Iten pumzi zikimtoka, hao hukomaa. Maana wanajua wanalipia nini, na wanaweza kupumzika wakitaka. Kudhiliwa hakuna somo kama hilo. Hufundisha mambo mawili tu: kwamba mwenye nguvu hana mpaka, na kwamba mnyonge hana la kufanya ila kungoja awe na nguvu. Mtu aliyefuzu masomo hayo mawili, akipewa ofisi au nyumba au nchi kuitawala, atatawala vipi?

Tena, angalia ni nani anayetoa ushahidi kwamba uonevu ulimkomaza. Ni yule aliyepona. Mzee aliyefanikiwa husimama katika mkutano wa wanafunzi wa zamani akasimulia mateso ya bweni kwa kicheko, na watu wakampigia makofi. Yule aliyeacha shule, yule aliyepoteza usingizi, yule aliyeanza kuvichukia vitabu kwa sababu vilifanana na mahali pa mateso, hakualikwa mkutanoni. Dawa haipimwi kwa kuwauliza waliopona peke yao. Sharti tuhesabu na makaburi.

Wengine husema ni desturi ya shule, na desturi haivunjwi. Lakini desturi ina mwanzo kama mtu, nayo huweza kuwa na mwisho kama mtu. Katika shule za bweni za Uingereza ya zamani, mvulana mdogo alikuwa mtumishi wa mkubwa: alimsafishia viatu, akamchomea mkate, akamtandikia chumba. Thomas Arnold, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya Rugby tangu 1828 mpaka 1842, aliwapa wanafunzi wa darasa la juu kazi ya kuwaongoza wenzao, akitumaini kwamba dhamiri itakuwa kiongozi wao. Wako walioongozwa na dhamiri, na wako walioongozwa na ngumi. Thomas Hughes, aliyesoma shuleni hapo, alitoa mwaka 1857 kitabu kiitwacho Tom Brown's School Days, na ndani yake mna mvulana mdogo anayebanwa na wakubwa mbele ya moto mpaka akaungua. Mpango wa nyumba na viranja ulifika Kenya pamoja na shule za wamisheni na za ukoloni. Basi hilo tunaloliita urithi wa shule yetu, kwa sehemu kubwa, ni nguo ya kuazima. Na huko ilikotoka, desturi ya mdogo kumtumikia mkubwa imekwisha kuvuliwa na kutupwa. Ni ajabu mtu kuililia nguo ambayo mwenyewe aliyeishona ameiona haya.

Huenda msomaji akasema kwamba tunalikuza jambo dogo. Natusome basi yaliyotokea katika nchi yetu wenyewe. Julai 1991, katika shule ya St. Kizito huko Meru, wavulana walilivamia bweni la wasichana usiku. Wasichana 19 walikufa, na zaidi ya 70 walinajisiwa. Mwaka 1999, katika shule ya Nyeri High, viranja wanne walifungiwa chumbani na wanafunzi wenzao wakateketezwa kwa moto. Machi 2001, katika shule ya Kyanguli huko Machakos, bweni lilitiwa moto na wavulana 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Misiba hiyo ilikuwa na sababu mbalimbali, wala si kila kofi linaloishia katika moto. Lakini mkono haujifunzi ukatili kwa usiku mmoja. Kabla mtu hajaweza kumfanyia mwenzake jambo kama hilo, sharti awe amezoea kumtazama mwenzake kama kitu; na mazoea hayo hupatikana kidogo kidogo, katika mambo madogo yaliyopita bila kuulizwa. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Shule hulitendeaje jambo hili? Ziko njia tatu zinazopitwa mara kwa mara, na zote tatu hazifiki.

Njia ya kwanza ni kunyamaza. Mwalimu huambiwa, naye hujibu kwamba ni mambo ya watoto. Mzazi huandika barua, naye hujibiwa kwamba shule ina jina kubwa. Lakini jina ni kivuli cha matendo. Huwezi kukilinda kivuli ukauacha mti uliwe na mchwa. Mwaka 2017 habari za wadogo kuteswa na wakubwa katika Alliance High School, shule iliyofunguliwa mwaka 1926 na yenye sifa nchi nzima, zilichunguzwa na Wizara ya Elimu na kusomwa na kila mtu magazetini. Hapo tulijifunza kwamba sifa haimkingi mtoto. Tena kunyamaza hakumwachi mnyonge mahali alipokuwa. Kunamshusha chini zaidi, maana jana alimwogopa mwonevu tu, na leo amejua kwamba na mwenye kumlinda hayuko.

Njia ya pili ni kiboko. Sheria imekwisha kuifunga njia hiyo. Mwaka 2001 serikali ilifuta kanuni zilizoruhusu wanafunzi kuchapwa. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kukingwa na kila namna ya ukatili. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtoza faini au kumfunga gerezani anayemwadhibu mwanafunzi mwilini au kumtesa akilini. Lakini tuseme sheria isingekuwapo. Hata hivyo akili ingekataa. Mwonevu anachapwa kwa kosa gani? Kwa kosa la kumpiga asiyeweza kurudisha. Na mbele ya mwalimu mwenye kiboko, mwonevu mwenyewe ni mtu wa namna gani? Ni mtu asiyeweza kurudisha. Basi somo analolipata ni kwamba kupiga si kosa, mradi mtu ajue kuchagua wa kumpiga. Atatoka ofisini na maumivu mapya, na usiku atamtafuta Kiprono wa kumlipa.

Njia ya tatu ni kufukuza. Iko siku ambapo haiepukiki: maisha ya watu yakiwa hatarini, mwenye kuhatarisha sharti atengwe. Lakini ikiwa ndiyo dawa ya kwanza na ya pekee, huhamisha ugonjwa kutoka kijiji hata kijiji. Shule ya pili humpokea mwanafunzi na tabia yake katika sanduku moja. Na baya kuliko hilo ni pale ambapo anayehamishwa ni aliyeonewa, kwa kuwa wazazi wake wamechoka kungoja. Hapo mnyonge huadhibiwa mara mbili, na mwonevu hubaki katika kitanda kile kile, akijua kwamba ameshinda.

Iko njia ya nne, nayo ni ngumu kwa sababu haina mshindo. Mwishoni mwa mwaka 1982, nchini Norwe, wavulana watatu walijiua, na ilidhaniwa kwamba sababu ni kuonewa na wenzao. Mwaka uliofuata serikali ilianzisha kampeni katika shule za nchi nzima. Mtaalamu Dan Olweus, aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa Bergen, alichunguza matokeo katika shule za huko, akaona kwamba baada ya miaka miwili uonevu ulikuwa umepungua kwa nusu hivi. Walifanya nini? Waliweka kanuni chache zilizojulikana na kila mtu. Watu wazima walisimama mahali ambapo watoto walikuwa wakiachwa peke yao. Kila darasa lilikaa likazungumza juu ya jambo hili mara kwa mara. Mwonevu aliitwa akaambiwa waziwazi, aliyeonewa alisikilizwa, na wazazi wa pande zote mbili waliitwa. Hakuna muujiza katika orodha hiyo. Kila shule ya Kenya, hata ile isiyo na maktaba wala maabara, ina uwezo wa kuyatenda hayo.

Katika bweni letu maana yake ni kwamba mwalimu wa zamu hupita saa za usiku, wala haachi bweni mikononi mwa mwenye sauti kubwa. Maana yake ni kwamba mgeni, siku anaposhusha sanduku lake, anajua jina la mtu wa kumwendea. Na habari ikifika, mambo yafuatane kwa utaratibu. Kwanza usalama: aliyeonewa alale mahali pasipo hofu usiku huo huo. Pili ukweli: kila mmoja asikilizwe peke yake, maana mnyonge hawezi kusema kweli akiwa amesimama bega kwa bega na anayemwogopa. Tatu malipo: mwonevu arudishe alichochukua, aombe radhi mbele ya wale wale waliomwona akidhili, na afanye kazi ya kuwafaa wengine. Nne uangalizi: baada ya majuma machache mwalimu aulize tena, kwa kuwa ahadi iliyotolewa ofisini huweza kusahauliwa bafuni. Adhabu ya namna hii ni nzito kuliko kiboko. Kiboko humalizika kwa dakika moja na kumwacha mtu shujaa mbele ya rafiki zake; kumrudishia mtu heshima yake ni kazi ya siku nyingi, nayo humlazimisha mwonevu kumtazama mwenzake usoni mpaka amwone kuwa ni mtu.

Sasa tumgeukie mtu ambaye hatujamtaja, naye ndiye aliye wengi kuliko wote. Katika bweni la watu 40, waonevu huenda wakawa watatu, na anayeonewa mmoja. Wale 36 waliobaki ni nani? Hawakupiga, hawakunyang'anya, wala hawakutukana. Walitazama, na wengine walicheka. Lakini kicheko chao ndicho mshahara wa mwonevu. Katika Finlandi, mpango uitwao KiVa, uliotokana na Chuo Kikuu cha Turku na kuenezwa katika shule za nchi hiyo tangu 2009, huweka uzito mkubwa juu ya watazamaji hao. Jambo hili twaweza kulijua hata bila utafiti: ngoma isiyo na wachezaji hulala. Asiyeweza kumzuia mwonevu kwa mkono anaweza kukataa kucheka. Asiyeweza kusema mbele yake anaweza kukaa karibu na mnyonge wakati wa chakula. Na asiyeweza hata hilo anaweza kupeleka habari.

"Lakini huo ni usaliti," utasema. Tupambanue. Mchongezi hupeleka habari ili kumtia mtu taabuni. Shahidi hupeleka habari ili kumtoa mtu taabuni. Midomo ni sawa, na huenda maneno yakawa sawa, ila nia zimeachana kama mashariki na magharibi. Siri ni kitu cha heshima inapomlinda mwenye siri. Inapomlinda mdhalimu dhidi ya mdhulumiwa, huwa ni ufunguo wa gereza mfukoni mwako. Mwambie mwalimu unayemwamini, asiposikia, mwambie mwingine, waambie wazazi. Iko pia simu ya watoto, nambari 116, isiyotozwa malipo, usiku na mchana. Na kama mwonevu ni rafiki yako, ndiyo sababu zaidi ya kusema mapema, kabla mkono wake haujafanya jambo ambalo hakuna radhi itakayolitosha.

Neno moja kwa kiranja. Mamlaka uliyo nayo ni amana. Hukuipewa kwa kuwa wewe ni bora kuliko mdogo wako. Ulipewa kwa kuwa mwalimu hawezi kuwa kila mahali. Mlinzi wa shamba akila mahindi, mwenye shamba amepata hasara mbili: ya mahindi na ya mlinzi. Ukitaka kujua kama unatawala vyema, usiwaulize wanaokupigia saluti. Tazama yule mdogo kuliko wote bwenini unapoingia: je, huinua kichwa au hukiinamisha?

Na wewe msomaji, ambaye labda ulipimishwa bweni kwa njiti ya kiberiti, sikuambii kwamba hukuumia. Uliumia, na uliyemdai hatakulipa. Huenda amekwisha kuondoka shuleni na kusahau jina lako. Hiyo ni hasara, wala haifai kuitwa kwa jina jingine. Lakini mwaka utageuka, kitanda chako kitakuwa karibu na dirisha, sauti yako itakuwa nzito, na mlangoni atatokea mtoto mwenye sanduku jipya na viatu vinavyombana, akitazama huku na huku atafute uso mmoja usiomtisha. Hatakuwa na habari ya deni lako. Daftari litakuwa mikononi mwako, nawe utakuwa na uhuru ambao yule aliyekutesa alikuwa nao akautupa. Unaweza kuandika jina la mtoto huyo katika ukurasa mpya. Unaweza pia kulifunga daftari, ukamsaidia kubeba sanduku, na ukamwonyesha mahali pa kuchota maji. Ukitenda hivyo hakuna atakayekupigia makofi, wala jina lako halitaandikwa ukutani. Lakini deni lililopita mikononi mwa watu wengi kabla yako litakuwa limekufa mikononi mwako.